Oili ya Gari Kibaigwa: Nani Aimwage, na Aimwage Wapi

Hoja ya kujibadilishia oili ya gari nyumbani ilikomaa katika nchi ambazo saa moja ya fundi ni ghali kuliko oili yenyewe. Mjerumani au Mmarekani anayejilaza chini ya gari lake siku ya Jumamosi anaokoa fedha zinazohesabika. Ukiileta hoja hiyo Kibaigwa kama ilivyo, inaporomoka mapema. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Kongwa umekaa juu ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na soko lake la nafaka huvuta mahindi kutoka Kongwa yenyewe, Kiteto na Gairo, na nyuma ya mahindi huja malori. Penye malori hapakosi mafundi, na mafundi wakiwa wengi ujira hushuka. Kumwaga oili na kubadili filta ni kazi ya nusu saa, na fundi huilipisha sehemu ndogo tu ya bei ya kopo la lita nne. Tena ukinunua oili na filta dukani, mara nyingi kijana wa hapo hapo huimwaga bila kudai chochote. Anayetaka kujifanyia kazi hii ili kubana matumizi atahitaji spana, jeki, stendi, beseni na nguo ya kuchafua, na mwisho wa hesabu akiba yake itatosha chai na chapati mbili.

Hata hivyo naona kazi hii inafaa ifanywe na mwenye gari, au angalau ifanyike mbele ya macho yake, kwa sababu nyingine kabisa. Anachopata ni taarifa: oili gani imeingia, kiasi gani, lini, na ile iliyotoka ilikuwa na hali gani. Mambo hayo manne yana uzito mkubwa katika kuamua kama injini itafika kilomita laki tatu au itanoki njiani, na ndiyo yanayopotea gari linapoachwa gereji asubuhi na kufuatwa jioni. Kupotea huko kungekuwa na madhara madogo kwa mtu aliyenunua gari jipya lenye kitabu chake na rekodi ya sevisi. Sisi tunanunua magari yaliyokwisha kutumika.

IST, Probox na Noah zinazopita Kibaigwa nyingi zilitembea Japani miaka 10 au zaidi kabla ya kupanda meli. Kitabu cha maelekezo, kama kimesalia, kiko kwa Kijapani. Kistika cha kwenye fremu ya mlango, kinachoonyesha tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho ya huko, hubanduliwa siku gari linapooshwa kwa mara ya kwanza. Kitabu hicho kingesomeka, kingewashangaza wengi. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo, maelekezo ya Toyota kwa soko la Japani ni kubadili oili kila kilomita 15,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia, na kwa matumizi magumu kila kilomita 7,500 au miezi 6. Barabarani kwetu kauli iliyozoeleka ni 3,000, au 5,000 kwa oili ya bei ya juu. Kati ya 3,000 na 15,000 kuna tofauti ya mara tano, na mwenye gari ameachiwa achague bila kuelezwa tofauti hiyo imetoka wapi.

Kauli ya 3,000 ina jamaa yake huko Marekani, ambako kwa miongo mingi watu waliaminishwa kubadili kila maili 3,000, yaani kama kilomita 4,800. Ilikuwa desturi ya enzi za kabureta na oili duni, na watengenezaji wa magari wenyewe wameshaiacha. Lakini 15,000 ya Japani nayo imesimama juu ya masharti: oili ya daraja lililotajwa, petroli safi, barabara ya lami, injini isiyokula oili. Miongoni mwa yale ambayo maelekezo hayo hayo yanayaita matumizi magumu ni barabara mbovu na za vumbi, safari fupi za kurudiarudia, na kilomita nyingi kwa mwaka. Mtu wa Kibaigwa anayeingia vijijini kufuata mahindi, kisha akazunguka sokoni na kurudi nyumbani, ameyatimiza karibu yote kabla ya mwezi kuisha. Kwake 7,500 ndiyo dari, na akiwa hana uhakika na oili aliyouziwa, 5,000 ni uamuzi wa busara. Kushuka hadi 3,000 kwa oili nzuri ni kumwaga fedha chini. Ila hesabu yote hii inadai jambo moja dogo, kwamba kuna mahali pameandikwa kilomita za mara ya mwisho. Asiyeandika atarudi kwenye 3,000 kwa hofu, au atafika 12,000 kwa kusahau.

Vumbi linastahili kutazamwa peke yake, maana katika nyanda za kati ndilo linaloyafanya matumizi kuwa magumu. Mchanga una silika, na punje ya silika ni ngumu kuliko sehemu nyingi za chuma ndani ya injini, achilia mbali beringi za kranki ambazo zimepakwa metali laini makusudi. Vumbi huingia hasa kupitia filta ya hewa iliyochakaa au isiyokaa sawasawa, na pia kupitia kifuniko cha oili kilichofunguliwa kwenye upepo. Likishaingia ndani ya oili, filta hukamata chembe kubwa, na ndogo zaidi huendelea kuzunguka na kusaga mpaka siku oili itakapomwagwa. Ndiyo maana anayebadili oili kila mara na kuiacha filta ya hewa mwaka mzima anafuta maji sakafuni huku bomba likiendelea kuvuja.

Wilaya hii ina ushahidi wake wa zamani kuhusu mashine na ardhi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapo Kongwa mradi mkubwa wa karanga, ikitumia matrekta mengi yaliyobaki kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Yaliletwa yakiwa yamechakaa, spea hazikutosha, na madereva walifundishwa haraka haraka. Udongo ulikuwa na chembe ngumu zilizokula vyuma vya kulimia, na mvua ilipokatika ukakauka kama saruji. Haukupita mwaka kabla sehemu kubwa ya matrekta hayo haijalala karakana. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Sisemi ulikufa kwa oili. Ukame na mipango mibovu vilitosha kuuua. Nasema tu kwamba mashine zisizo na historia inayojulikana, zikiletwa kwenye ardhi hii na kushikwa na watu wasioandika chochote juu yake, zilishatupa jibu zamani.

Turudi kwenye kopo la oili. Ubishi mkubwa wa gereji za barabara kuu ni oili nzito dhidi ya oili nyepesi. Fundi atakwambia kwamba nchi ya joto inataka 20W-50, na kwamba 5W-30 ni maji. Ana hoja, lakini hajaifikisha mwisho. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu baridi: oili ya 20W hupimwa kama itairuhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kibaigwa hata usiku wa Julai haikaribii sifuri yenyewe, kwa hiyo uwezo huo wa 5W hatuuhitaji, na hapo fundi yuko sahihi. Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, kadiri ya joto la oili injini ikiwa kazini. Joto hilo linatawaliwa zaidi na maji ya rejeta na themostati kuliko hewa ya nje, liwe gari liko Osaka au Kongwa. Katika joto hilo mnato wa daraja la 30 uko kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, na wa daraja la 50 kati ya 16.3 na 21.9, yaani karibu mara mbili. Injini iliyochongwa kwa nafasi nyembamba, yenye mfumo wa VVT-i unaoendeshwa na oili kupitia vijitundu vidogo, ikijazwa oili nzito itachelewa kupata ulainisho asubuhi na itakunywa petroli zaidi.

Fundi atajibu kwamba ameona kwa macho yake magari yaliyoacha kutoa moshi baada ya kuwekewa 20W-50. Ni kweli, na jibu hilo lisipuuzwe. Injini iliyolika ringi na mihuri ya valvu hupitisha oili nyepesi kirahisi, na oili nzito hupunguza upotevu huo. Hata vitabu vya Toyota vya masoko ya nchi za joto huruhusu madaraja kadhaa, mengine mazito, kwa injini zile zile ambazo Japani huwekewa oili nyepesi. Kwa hiyo 20W-50 ni dawa halali ya injini iliyochoka, na pale kitabu kinaporuhusu si kosa hata kwa nzima. Tatizo huanza inapoandikwa kwa kila mgonjwa kwa sababu pipa lililopo ni la 20W-50. Mwenye gari anayepima kwa stiki kila wiki na kuandika anajua kama injini yake inakula oili, na kwa kasi gani. Hapo anaweza kuchagua. Gereji inayoliona gari hilo kila baada ya miezi minne haina namna ya kujua isipokuwa kwa kubahatisha.

Liko pia suala la oili bandia. Shirika la Viwango, TBS, lina viwango vya vilainishi; EWURA husimamia biashara yake; na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Taasisi tatu, na bado kopo la jina kubwa lililojazwa upya linaweza kufika kwenye rafu ya duka la barabarani. Anayenunua mwenyewe anaweza kukagua lakiri, tarehe na namba ya toleo, akanunua kwa wakala anayetoa risiti, na akalikwepa pipa lisilo na jina linalouzwa kwa kupima. Kisha akimaliza analitoboa kopo tupu kabla ya kulitupa. Kopo zima lenye nembo safi ndiyo malighafi ya mjazaji, na anayeliacha gereji likiwa zima amemsaidia mtu asiyemjua.

Oili inayotoka nayo husomeka kama barua. Weusi peke yake si ishara mbaya, kwa kuwa oili nzuri ina sabuni ya kuosha injini na lazima ichafuke, na ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache. Rangi ya maziwa ni habari nyingine: maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Harufu kali ya petroli ina maana mafuta yanavuja ndani badala ya kuungua. Vichembe vinavyometameta kwenye beseni vinasema beringi zimeanza kwenda. Na zikimwagika lita mbili pale zilipoingia tatu na nusu, injini inakula, hata kama haitoi moshi. Fundi mzuri huziona ishara hizi zote, sikatai, ila ana magari sita uani na la kwako si lake. Anayedai kwamba uzoefu wa fundi unashinda macho ya mwenye gari anasahau kwamba uzoefu unahitaji muda wa kutazama, na muda ndio bidhaa adimu kwenye gereji yenye foleni.

Kuna wanaosema kwamba kujifanyia ni kumnyang'anya fundi riziki. Naiheshimu hoja hii, lakini riziki ya fundi haikai kwenye kumwaga oili. Inakaa kwenye klachi, bushi, gia boksi na injini za kufungua, na mteja aliyeona vichembe kwenye beseni lake atafika mapema, akiwa bado na uwezo wa kulipa. Hatari ya kuangukiwa na gari ni nzito zaidi, na haina mjadala. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Asiyekuwa na stendi za chuma, sehemu tambarare iliyoshindiliwa na mawe ya kuzuia magurudumu asiingie chini. Matofali ya kupanga na bloku za saruji hupasuka bila taarifa. Kwa huyo, kumpeleka fundi oili aliyoinunua mwenyewe na kusimama pembeni mpaka nati ya sampo ifungwe kunampa karibu kila kitu nilichokitetea hapa. Kazi ya mikono ikigawanywa hivyo hakuna hasara, mradi uamuzi na kumbukumbu vibaki kwa mwenye gari.

Tena tusijidanganye kwamba jambo hili ni geni. Vijana wa bodaboda wanajimwagia oili kila siku nyuma ya nyumba, kwa kuwa pikipiki haihitaji jeki na hupokea kama lita moja tu. Mashine za kupukuchulia na kusagia mahindi hubadilishwa oili na wenye mashine, kwa saa za kazi badala ya kilomita. Kosa la bodaboda liko kwingine. Pikipiki hizo huendesha injini, gia na klachi kwa oili moja, na klachi yenyewe inaogelea humo. Oili ya gari dogo iliyotiwa viongezo vya kupunguza msuguano ili kubana petroli huifanya klachi iteleze. Pikipiki inataka kopo lenye alama ya JASO MA. Huu ni ujuzi wa kusoma lebo, na hauhitaji hata spana.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni lile ambalo watetezi wa kazi ya nyumbani hulipitia mbio: lita tatu na zaidi za oili chafu zinakwenda wapi? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema oili ya gari moja iliyomwagwa ovyo inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi. Katika mji unaopata mvua kwa miezi michache ya mwaka na kutegemea visima, kauli hiyo si ya kusomwa harakaharaka. Mkataba wa Basel umeiweka oili ya madini isiyofaa tena kwenye orodha ya taka hatarishi, kwa alama ya Y8, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka anayekusanya na kusafirisha taka za namna hiyo awe na kibali.

Mtaani oili chafu haionekani kuwa taka, kwa sababu ina kazi. Hupakwa nguzo za zizi na mbao za paa kuzuia mchwa, hupakwa mbao za kumwagia zege, na wengine humpaka hata mbwa mwenye upele. Katika nchi ya Wagogo, ambako nyumba ya tembe ilisimama juu ya miti na mchwa ni adui wa kila siku, hamu ya kitu cha bure kinachomzuia inaeleweka. Lakini oili iliyopita kwenye injini imebeba vichembe vya metali na kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta, na majaribio ya kuipaka panya kwenye ngozi yalizaa saratani. Nguzo iliyochimbiwa mbali na kisima ni jambo moja. Mikono mitupu, ukuta wa ghala la mahindi na ngozi ya mnyama ni jambo jingine. Matumizi haya ya mwisho yakomeshwe, bila kusubiri mbadala.

Hapa ndipo gereji inapoishinda nyumba. Mnunuzi wa oili chafu, anayeipeleka kwenye tanuru au kwa mwenye kuisafisha, hufuata mahali penye pipa lililojaa. Hawezi kubisha hodi kwenye nyumba yenye kidumu kimoja. Aliyejimwagia nyumbani na kubaki na kidumu hicho ana njia moja nzuri tu, nayo ni kukirudisha kwenye gereji au duka alikonunua, na gereji ikikataa kukipokea, hoja yangu yote inaingia doa. Kwa msingi huo, nikilazimika kuchagua kati ya mtu anayejimwagia oili na kuimimina shimoni na yule anayemwachia fundi kila kitu bila kuuliza, namchagua wa pili. Injini inayokufa mapema ni hasara ya mtu mmoja.

Kwa Kibaigwa, bahati nzuri, hesabu inawezekana. Pipa la lita 200 lingehitaji zaidi ya IST hamsini kulijaza, na nyumba za mji huu zingesubiri muda mrefu. Lakini injini ya semitrela huweza kutoa lita 30 au zaidi kwa mara moja, kwa hiyo malori sita au saba tu yanalijaza, na malori ndiyo yanayolala hapa kusubiri mzigo. Pipa lenye kifuniko, likiwekwa juu ya sakafu ya saruji kwenye maegesho ya soko ambako kila gunia linalipiwa ushuru, lingevuta mkusanyaji mwenye kibali kwa ajili ya oili ya malori, na vidumu vya majumbani vingepata mahali pa kumiminwa pale pale.